Uzi: Seva ya C/C++ inakula memori taratibu mpaka inakufa? Ihesabie rikwesti

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Nimehangaika na hili jambo wiki tatu na jana ndo nimelala usingizi wa maana, kwaio naliandika lote hapa likiwa bado la moto maana najua kuna mtu saa hizi anakodolea macho grafu ya memori inapanda tu na hajui aanzie wapi. Ni refu, vumilieni.

Iko hivi. Nina programu ya seva imeandikwa kwa C, inapokea koneksheni za TLS (zilizofichwa kwa usimbaji) kutoka kwenye vifaa vingi, kila kifaa kinakuja na cheti chake, seva inakagua cheti alafu inapokea data. Ikiwashwa inakula kama MB 210. Kesho yake MB 600. Keshokutwa giga moja. Ikifika siku ya tisa au ya kumi keneli inaiua usiku wa manane, ukicheki dmesg unakuta "Out of memory: Killed process", na kama inakimbia ndani ya kontena unaona imekufa na kodi 137, ambayo ni 128 jumlisha 9, yaani imepigwa SIGKILL. Nilipoipokea hii kazi dawa iliyokuwepo ni cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kuirestati kila usiku. Mi sijawahi kuikubali hiyo dawa, kwasababu kila ukirestati unakata koneksheni za watu walio hai, na siku mzigo ukiongezeka mara mbili itakufa kabla usiku haujafika.

Nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya. Nikakompaili kwa -g na -O1, nikaiweka kwenye Valgrind (kifaa cha kusaka memori iliyovuja) na --leak-check=full, nikairushia rikwesti za kutosha, nikaizima kwa SIGTERM, nikasubiri ripoti. Imetoka safi kabisa!! "definitely lost" sifuri. Nikarudia na AddressSanitizer, yaani -fsanitize=address, ile inakuja na LeakSanitizer ndani yake na ni nyepesi zaidi, Valgrind inaichelewesha programu mara 20 mpaka 30 hivi wakati ASan ni kama mara 2 tu. Nayo safi. Huku kwenye prodakshani inaendelea kunenepa.

Hapa ndo nilipoteza wiki nzima nikiwalaumu watu wengine. Mara nikasema ni glibc (laibrari ya msingi ya C) haiachii memori, mara nikasema ni OpenSSL (laibrari inayoshughulikia TLS). Kumbe swali langu lenyewe lilikuwa bovu. Nilikuwa nauliza "je programu inavuja?" wakati nilitakiwa kuuliza "ni rikwesti ya aina GANI inayoacha kitu nyuma?" Testi zangu zote zilikuwa zinarusha rikwesti nzuri zenye cheti kizuri. Njia ile nzuri ilikuwa haivuji hata tone.

Sasa nilijuaje. Nilichukua picha ya memori ya prosesi ikiwa hai kwa gcore. Angalizo hapa wakuu, gcore inaisimamisha prosesi mpaka imalize kuandika, kwaio fanya muda ambao mzigo uko chini, na lile faili lina kila kitu cha seva, funguo za siri, nywila, data za watu, usilihamishe ovyo na ukimaliza lifute. Alafu nikapiga:

strings core.4121 | sort | uniq -c | sort -rn | head -50

Hiyo amri inachota maneno yote yanayosomeka humo ndani, inayahesabu, inakuletea yanayojirudia zaidi. Muda huo koneksheni hai zilikuwa 312. Ila kwenye orodha majina ya vyeti yanajirudia malaki! Tena sio ya vifaa vyote, ni ya toleo moja la zamani tu. Vifaa vipya majina yao yapo machache kama inavyotakiwa. Nikaenda kwenye logi nikakuta hivi vya zamani vyote vinakataliwa mlangoni kwasababu cheti chao hakina sehemu ya jina mbadala, na vikikataliwa vinajaribu tena baada ya muda mfupi, vinakataliwa tena, siku nzima usiku kucha. Kodi ilikuwa hivi:

X509 *cheti = SSL_get_peer_certificate(ssl);
if (!cheti) return -1;
if (!ina_jina_mbadala(cheti)) {
    andika_logi("cheti hakina jina mbadala");
    return -1;
}
/* ... ukaguzi mwingine ... */
X509_free(cheti);
return 0;

Mnaona ile return -1 ya pili? Hapo ndo shimo. SSL_get_peer_certificate haikupi cheti cha kuangalia tu, inaongeza hesabu ya wanaokishikilia. Usipoita X509_free ile hesabu haishuki, hata ukiifuta koneksheni yenyewe kwa SSL_free cheti kinabaki kwenye hipu (memori ambayo programu inaiomba ikiwa inakimbia) milele. Kwenye OpenSSL 3.0 wameipa jina la wazi zaidi, SSL_get1_peer_certificate, alafu kuna SSL_get0_peer_certificate ambayo haiongezi hesabu. Hiyo 1 na 0 ndo maana yake. Ukiona get1 jua umekopa na lazima urudishe.

Baada ya kujua njia, nikatengeneza testi ya kurusha rikwesti mbovu tu, na hapa ndo kitu nachotaka mtu aondoke nacho kwenye huu uzi. USIRUSHE 1,000 au 10,000. Rusha namba ya ajabu ambayo haiwezi kutokea yenyewe. Mimi natumia 7,919. Ukiona 1,000 kwenye ripoti inaweza kuwa saizi ya bafa au ya foleni, huwezi kujua. Ila ukiona 7,919 hakuna mjadala, hiyo ni rikwesti yako imeacha kitu. Valgrind safari hii ikaniambia byte 47,514,000 "in 7,919 blocks are definitely lost". Gawanya, ni byte 6,000 kila koneksheni iliyokataliwa.

Nikaongeza X509_free kabla ya ile return, nikarudia, sifuri. Nimeipandisha juzi. Maswali karibuni.


#2

Mkuu asante sana, uzi wa kuhifadhi huu. Swali langu, hiyo ripoti ya Valgrind ilikuonesha mstari wenyewe wa kodi? Maana mimi kila nikiiendesha inanionesha mafanksheni ya laibrari ambayo hata siyajui, nakata tamaa.


#3 Mleta uzi

Swali zuri sana hilo mkuu, na nilitakiwa niliseme kule juu. Hapana, haikunionesha. Staki iliyotoka (orodha ya fanksheni zilizoitana mpaka memori ikaombwa) ilipita SSL_accept ikazama ndani kabisa ya OpenSSL mahali inaposoma cheti na kukitengenezea nafasi. Fanksheni yangu haikuwepo kabisa kwenye ile staki! Kwasababu Valgrind inakuonesha nani ALIOMBA memori, haikuoneshi nani alisahau kuiachia. Kwenye malloc na free za kawaida hao wawili huwa wanakaa jirani kwaio unapata jibu haraka. Ila kitu chenye hesabu ya washikaji, cheti cha X509, shared_ptr ya C++, GObject, vyote hivo, anayeomba ni mmoja na anayesahau ni mwingine kabisa yuko mbali.

Ndo maana watu wengi wanaishia kusema "bagi ya laibrari hiyo" wanafunga ukurasa. Ukikutana na hali hiyo fanya hivi, angalia ni kitu cha AINA gani kimevuja, alafu kwenye kodi yako tafuta kila mahali unapokipokea kitu cha aina hiyo kwa mkono. Kwangu grep moja tu ya X509 ilileta sehemu nne. Nikazisoma moja moja, kila return, kila goto. Ya tatu ndo ilikuwa yenyewe.

Na mafanksheni usiyoyajua kama yanatoka bila majina kabisa, alama za maswali tupu, sakinisha vifurushi vya alama za dibagi vya hiyo laibrari, na kodi yako uikompaili na -g pamoja na -fno-omit-frame-pointer. Bila hivo utaona namba tu za anwani.


#4

Mimi niongezee hapo maana kisa changu ni tofauti na kilinitesa zaidi. Ya mleta uzi ni memori ambayo hakuna pointa inayoielekea tena, hiyo vifaa vinaikamata. Ya kwangu ilikuwa C++, kuna std::unordered_map inayoweka sesheni za watumiaji, mtu akitoka inafutwa vizuri, ila mtu asipoaga, mtandao ukikatika tu, sesheni inabaki kwenye ramani. Siku zinaenda ramani inajaa maiti. Sasa ukiizima seva destrakta ya ramani (fanksheni ya kusafisha kitu kinapokufa) inapita inafuta KILA KITU kwa usafi kabisa, Valgrind inaangalia mwishoni inakuta pasafi. Hata usipokuwa na destrakta inakuandikia "still reachable", yaani bado kuna pointa inayoielekea, na watu wote tumezoea kuiruka hiyo.

Kwa vifaa vile hiyo sio uvujaji. Kwa seva inayotakiwa kukaa hai miezi sita ni uvujaji kabisa, memori imeshikwa na hakuna atakayeitumia tena.

Kilichonisaidia ni kuacha kusubiri mpaka programu izimwe. Valgrind ukiiacha inakimbia unaweza kuiuliza katikati ya safari kutoka terminali nyingine:

vgdb leak_check full reachable increased

Unaipiga mara ya kwanza baada ya seva kupata moto, yaani keshi zimejaa na thredi zote zimeshaamka. Matokeo yake achana nayo. Alafu unarusha zile rikwesti zako 7,919, unaipiga tena. Hilo neno increased linafanya ikuoneshe vilivyoongezeka tu tangu mara ya mwisho. Kwangu ilitoka rekodi moja kubwa kabisa, imeombwa kwenye mstari wa kuingiza sesheni kwenye ramani. Dakika kumi nikawa nimemaliza kitu kilichonikalia miezi miwili.


#5

Wakuu sisi wengine Valgrind hatuwezi kuipeleka prodakshani, mara 20 polepole seva inakufa kabla hata ya kuvuja. Na kwenye mashine ya testi tatizo halitokei. Tufanyeje?


#6 Mleta uzi

#5 hapo kuna njia kama tatu mkuu, nakupa kwa mpangilio wa usumbufu.

Ya kwanza haitaki kugusa programu kabisa. Kama Linux yako sio ya kizamani na una ruhusa ya root, kuna kifaa kinaitwa memleak kwenye mkusanyiko wa bcc, Debian na Ubuntu kinaitwa memleak-bpfcc. Kinatumia eBPF (uwezo wa keneli wa kuchungulia programu iliyo hai), kinajishikiza kwenye malloc na free za prosesi iliyo hai, kila baada ya sekunde kadhaa kinakuandikia staki ambazo zimeomba memori na bado hazijaiachia. Unaweza kukiambia kiruke zile changa, kionyeshe zenye umri tu. Ila sio bure, programu inayoita malloc mara nyingi mno kwa sekunde utaona inalegea, kwaio kiwashe dakika chache ukizime.

Ya pili ndo naipenda zaidi kwa seva za kukaa muda mrefu, jemalloc. Unaiweka mahali pa alokeita ya glibc (sehemu inayogawa memori) hata kwa LD_PRELOAD bila kukompaili upya programu, ila jemalloc yenyewe lazima iwe imejengwa na --enable-prof, hapo watu wengi hukwama. Ukiweka MALLOC_CONF=prof:true,lg_prof_interval:30 inadondosha faili la picha kila ikishatoa giga moja ya memori kwa ujumla. Haihesabu kila malloc, inachukua sampo moja kwa wastani wa kila KB 512, ndo maana ni nyepesi. Unachukua faili la asubuhi na faili la jioni, unaipa jeprof, la asubuhi unaliweka kwenye --base, inakutolea tofauti peke yake. Kitu kinachoongezeka ndo unachokitafuta, vilivyopo tangu asubuhi achana navyo.

Ya tatu ni ile gcore niliyoieleza. Sio ya kifahari lakini ndo iliyoniokoa mimi. Memori iliyovuja imejaa KITU, sio hewa. Kakiangalie hicho kitu. Ukikuta imejaa vipande vya JSON unajua ni upande upi, ukikuta maneno ya SQL unajua ni upande upi.


#7

Naomba kutofautiana kidogo na mwelekeo wa uzi, kuna watu watasoma hapa wataenda kutafuta uvujaji ambao haupo. Sio kila RSS (memori halisi ambayo prosesi imeikalia) inayopanda ni kuvuja. Mimi nilishatumia wiki mbili nikitafuta kitu ambacho hakipo.

malloc ya glibc ukiiachia memori kwa free haimaanishi inarudi kwa keneli. Inaikalia ikitegemea utaiomba tena. Na kwa programu yenye thredi nyingi inafungua maghala mengi, arena zinaitwa, kwa mashine za bit 64 kikomo cha kawaida ni mara 8 ya idadi ya kora. Mashine ya kora 32 inaweza kufika arena 256! Kila moja na mabaki yake ambayo nyingine haiwezi kuyatumia. Vipande vidogo vilivyo hai vinakaa katikati ya nafasi kubwa iliyo wazi, ile nafasi hairudi yenyewe.

Jinsi ya kutofautisha ni rahisi, rusha mzigo uleule raundi tano. Inayovuja inapanda raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ngazi zilezile. Isiyovuja inapanda mbili za mwanzo alafu inalala. Ukitaka uhakika zaidi weka kwenye programu amri ya siri ya kuita malloc_trim(0), kama RSS inaporomoka basi ilikuwa ni alokeita imekalia tu. Hapo dawa ni MALLOC_ARENA_MAX=2 au kuhamia jemalloc, sio kuwinda pointa. Kwangu hiyo variabo moja ilishusha kutoka giga 5 mpaka giga 1 na nusu.

Na tafadhali muangalie RSS, sio VSZ (jumla ya anwani ilizojitengea prosesi). Kila arena inajitengea anwani za MB 64, kila thredi inajitengea staki (hapa ni memori yake ya kazi) ya MB 8 kwa kawaida, hizo ni ahadi tu hazijaguswa. VSZ ya giga 20 peke yake haimaanishi kitu.


#8 Mleta uzi

#7 uko sahihi kabisa na nashukuru umeliweka wazi. Niongeze tu, kwenye VSZ kuna kisa kimoja inakuwa na maana: ikipanda kwa MB 8, MB 8, MB 8 bila kusimama, basi kuna thredi zinazaliwa zikifa hazizikwi. Thredi ukiitengeneza kwa pthread_create lazima uipige pthread_join au pthread_detach, vinginevyo ikimaliza kazi staki yake inabaki. Piga pmap -x utaziona zimepangana, saizi moja, msururu mrefu.


#9

Na sisi wa Go na Rust tunahusika au tupite tu?


#10

#9 mnahusika sana. Go ina mkusanya taka (anayeachia memori isiyotumika) lakini gorutini (thredi nyepesi ya Go) iliyokwama inasubiri chaneli ambayo hakuna atakayeiandikia haikusanywi kamwe, wala chochote inachokishika. Weka net/http/pprof, angalia idadi ya gorutini kabla na baada ya rikwesti zako za namba ya ajabu. Rust nayo inalinda usiguse memori iliyoachiwa, haijawahi kuahidi kwamba hutavujisha, Rc (pointa zenye hesabu ya washikaji) mbili zikishikana mkono zimebaki hapo mpaka prosesi ife, na kile kisa cha ramani ya #4 kinatokea kwenye lugha yoyote ile.


#11

Wakuu nimefuata uzi neno kwa neno leo mchana. Seva ya HTTP ya C. Nimerusha rikwesti 7,919 nzuri, haijavuja. Nimerusha 7,919 zenye mwili mbovu, imevuja ila namba iliyotoka ni 15,838. Staki inaonesha strdup (inayonakili neno kwenye memori mpya) ndani ya fanksheni ya kusoma vichwa vya rikwesti. Nimechanganyikiwa hapo, mbona sio 7,919?


#12 Mleta uzi

Aisee hiyo ni habari njema mkuu! 15,838 ni 7,919 mara mbili kamili. Kila rikwesti inaacha vitu viwili, na vyote vimeombwa kutoka mstari uleule mmoja, maana vingetoka mistari tofauti Valgrind ingeviandika kwenye rekodi mbili. Kwaio ni loop. Hiyo strdup iko ndani ya loop inayozunguka vichwa? Kuna vichwa vingapi unavyovitunza?


#13

Iko ndani ya loop ndiyo. Navitunza viwili tu, Content-Type na Authorization.


#14 Mleta uzi

Basi ndo hivyo viwili. Angalia njia ya mwili mbovu inafuta nini kabla ya kurudi. Nahisi inafanya free ya strakti ya rikwesti yenyewe bila kufuta kwanza yale maneno yaliyo ndani yake.


#15

Nimeona. free(rikwesti) moja kwa moja. Kwenye njia nzuri inaitwa futa_rikwesti ambayo inafuta maneno kwanza, kwenye njia mbovu mtu aliandika free mwenyewe. Nimebadilisha huo mstari mmoja, nimerusha tena 7,919 mbovu, sifuri. Ngoja nirushe na zilizokatika katikati kabla mwili haujaisha, hizo bado sijazijaribu.